Kichaka cha Kosmas na Eusebi

Tangu nirudi Morogoro mmekuwa mkiniuliza kwa zamu, mara kwenye simu, mara nje ya kanisa baada ya misa, kulikoni huko Mbinga hata nimerudi mkimya. Wengine mmedhani niliugua malaria. Sikuugua. Nimechoka kulieleza jambo hili vipande vipande, kila mtu na kipande chake, kwa hiyo naliandika lote mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi.

Kwa wale mnaojua tu kwamba nashughulika na ndege: misimu minane nimekuwa nikienda kwenye vijito vya Mbinga na Nyasa kuhesabu ndege wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya. Hufika kwetu mvua zinapoanza, hukaa kwenye vichaka vya kando ya maji, na mwezi wa nne huondoka. Kazi yangu ni kukaa kimya mahali palipopangwa kwa dakika kumi, kuandika ninaowasikia na ninaowaona, kisha kusogea mbele. Hapa na pale natega wavu mwembamba, namvisha ndege pete ya namba mguuni na kumwachia.

Safari hii ilikuwa ya mwisho kabla sijastaafu, na kilichonipeleka kwa moyo kilikuwa kitu kimoja tu. Kuna kichaka huko Maguu, kwenye kijito kinachopita kati ya mashamba ya ndugu wawili, ambamo ndege mmoja mwenye pete yangu alikuwa amerudi misimu mitatu mfululizo. Ni ndege wa rangi ya udongo, mkia una wekundu kidogo, ukimwona njiani humwangalii mara mbili. Lakini akiimba humo ndani kunapopambazuka, chai itapoa mkononi mwako. Watu wa Maguu humwita tu "yule wa ndani", kwa sababu hawajawahi kumwona. Nilitaka kujua kama amerudi mara ya nne, na kama kichaka kipo.

Songea hadi Mbinga

Basi la asubuhi liliondoka Songea saa nne kasoro kwa sababu ya mtu mmoja na miche yake ya kahawa. Ilikuwa kwenye viriba, imepangwa ndani ya makreti ya soda, na mwenyewe hakutaka iwekwe kwenye buti wala juu ya basi.

"Hawa ni watoto," alimwambia kondakta. "Wewe mtoto wako ungemfungia kwenye buti?"

Kondakta alikuwa kijana mwenye majibu, lakini hilo lilimshinda. Tukapangwa upya, tukashuka, tukapanda, na mwishowe kila aliyekaa upande wa kushoto akapewa kreti la kupakata. Nililalamika sana, mnanijua. Lakini tulipoanza kupanda milima na upepo kuingia dirishani, nilijikuta nimeifunika ile miche kwa kanga yangu. Tulipofika Mbinga mwenyewe alinishukuru kana kwamba nilijitolea.

Pale mjini niliingia hoteli ndogo karibu na stendi, nikaagiza ugali na maharage. Mama mwenye hoteli aliziangalia fito zangu za kutegea wavu akauliza kama nakwenda ziwani kuvua. Nikamweleza kuhusu ndege. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Kwa hiyo wanakimbia baridi, wanakuja Mbinga?"

"Ndiyo, mama."

"Mbinga hii? Mimi mwezi wa saba nalala na soksi mbili na sweta la marehemu mume wangu."

Nikasema hawaji mwezi wa saba, wakati huo wako kwao wanalea makinda. Akafikiri kidogo huku akiniongezea mchuzi. "Basi hawajatujua hao," akasema. "Wanatuona wakati wa mvua tu, mahindi yamesimama, kila kitu kibichi. Wangekaa mwaka mzima ndiyo wangetujua." Nilicheka. Sikujua kwamba maneno yale yalikuwa yananihusu mimi, maana mimi nami nimekuwa nikiwatembelea watu hawa wakati huo huo wa mwaka, wiki tatu, kisha naondoka.

Kwenye matete ya ziwa

Kutoka Mbinga barabara inashuka mpaka masikio yanaziba, na ukishuka garini Mbamba Bay joto linakupokea mlangoni. Vituo vyangu vya huko viko mahali kijito kinapoingia ziwani, kwenye matete. Nilifika alasiri, nikatandaza wavu juu ya majani niukague kama umechanika, na hilo ndilo lilikuwa kosa.

Wanaume watatu wa kikundi cha kijiji cha kulinda ziwa walikuja mbio. Mkubwa wao, mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua juani, alichuchumaa, akatoa njiti ya kiberiti na kuipitisha kwenye tundu la wavu. Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa.

"Mama, hata dagaa usipa aliye mchanga hapiti hapa. Unataka kutumalizia ziwa?"

Nikamwambia si wavu wa samaki. Akaniuliza kama nimewahi kuona wavu usio wa samaki. Nikasema ninao mbele yake. Mambo yakawa marefu. Wavu ulichukuliwa, ukawekwa nyumbani kwa mzee, nami nikaambiwa nisubiri kikao cha kesho. Nikalala kwa hasira, nimekula samaki wa kuchoma na ugali wa muhogo niliostahili kuufurahia lakini sikuufurahia.

Kikao kiliamua jambo la busara ambalo mimi na usomi wangu hatukulifikiria: nionyeshe. Asubuhi na mapema tulikwenda kwenye matete, mimi na wazee watano. Nikausimamisha wavu kati ya fito mbili, tukarudi nyuma, tukachuchumaa. Sijawahi kuwa na watu wanaojua kunyamaza kama wavuvi. Ndege wa kwanza aliingia kabla jua halijafika majini, yule wa matete mwenye mgongo wa rangi ya majani makavu. Nikamtoa, nikampima, nikamvisha pete. Mzee wa koti aliomba amshike. Nikampangia vidole vyake namna ya kumkamata, na uso wake ukabadilika.

"Moyo unakimbia hivi," akasema taratibu. "Na ametoka wapi?"

"Mbali kuliko ninavyoweza kukuonyesha kwa mkono."

Alimwachia mwenyewe. Kisha akanisaidia kuhesabu siku nzima, na alikuwa na macho kunishinda.

Mto uliojaa, njia ya Liparamba

Liparamba nilikwenda na lori la mahindi, maana bodaboda walikataa, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kabla ya kufika tukakuta mto umefunika daraja la magogo. Dereva alizima injini, akavua viatu, akalala chini ya lori. Huko ndiko kusubiri kwenyewe. Hakuna anayeangalia saa.

Tulikuwa abiria wanane. Mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kapu alinigawia mahindi ya kuchemsha, nami nikampa chumvi. Aliniona nimekaa kando ya maji na daftari, naandika. Hapakuwa na kituo changu pale, lakini mikono ilishazoea.

"Unawahesabu ili iweje?" akauliza.

"Ili tujue kama wanapungua."

"Na ukikuta wamepungua, unafanyaje?"

Nilitafuta jibu la ofisini, nikalipata, nikaona aibu kulisema mbele ya mto ule. Nikamwambia naandika kwamba wamepungua. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea hindi.

Maji yalishuka jioni, tukavuka tukiwa tumeshikana mikono, lori likifuata nyuma yetu. Siku nne nilizokaa Liparamba zilikuwa za mvua na siafu, na ndege walikuwa wachache kuliko msimu uliopita. Niliandika kwamba wamepungua.

Maguu, kwa Mzee Kosmas

Nilirudi Mbinga, nikalala siku moja, nikapanda bodaboda ya Maguu. Barabara ilikuwa sabuni tupu. Kila mlima dereva alinishusha nitembee, na kila nilipomfikia juu alikuwa ameshamaliza kunipigia hesabu ya umri. "Mama, shikamoo yako leo naona nikupe mbili," akaniambia kwenye mlima wa tatu.

Lakini nchi ile ukiiona huwezi kukasirika sana. Miteremko yote imechimbwa ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayokaa safu kwa safu kama sega la nyuki, maji ya mvua yanatuama humo na udongo hauendi popote. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tatu, msimu wa kuzitengeneza upya. Wanaume walikuwa wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, wanawake nyuma yao wanachimba katikati ya miraba na kuzifunika nyasi kwa udongo, tayari kwa maharage. Hakuna kipande kinachoachwa. Hata ukingo wa njia una maharage.

Mzee Kosmas alikuwa uani anapanga kuni. Nikamsalimia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia na kunishika mikono yote miwili. Kwake ndiko ninakofikia kila msimu. Mkewe, Mama Gaudensia, alinipa togwa kabla hata sijakaa. Wote wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata darasa moja.

Sikuweza kusubiri. Kulipopambazuka nilishuka kwenye kijito. Kichaka kilikuwepo, kipana kuliko mwaka jana, kimejaa miiba na mikuyu michanga na matete, giza ndani. Nikasimama. Akaimba.

Niliutega wavu. Baada ya saa mbili alikuwa kiganjani mwangu. Nilisoma namba ya pete, nikaisoma tena. Ilikuwa yangu. Nililia, nakiri, mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyepiga magoti kwenye tope. Kisha nikamwachia akarudi ndani.

Maharage ya Mama Gaudensia

Siku hiyo hiyo mchana tulikaa na Mama Gaudensia tukichambua mbegu za maharage. Nilikuwa na furaha ya kumwaga. Nikamwambia nawashukuru sana, yeye na Mzee, kwa kukilinda kichaka.

Hapa lazima niwarudishe nyuma. Msimu wangu wa kwanza Maguu hapakuwa na kichaka pale. Maharage yalifika mpaka kwenye maji, pande zote mbili, na sikusikia ndege hata mmoja. Nilikasirika, nikaomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, nikapanda juu ya benchi na kuhutubia kuhusu kuacha uoto kando ya vijito. Walipiga makofi. Msimu uliofuata nikakuta majani yameanza kuota pale, na uliofuata vichaka, na kisha yule wa ndani. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba familia hii ina moyo wa kuhifadhi na kwamba elimu imezaa matunda. Picha ya kichaka kile ipo ukutani ofisini, mmeiona wote.

"Tangu hotuba ile," nikamwambia Mama Gaudensia, "mmekilinda vizuri mno."

"Hotuba gani, Mwalimu?"

Nikamkumbusha. Akacheka kwa adabu, akakumbuka benchi lakini si maneno. Kisha akaacha kuchambua.

"Pale hakuna anayelinda," akasema. "Pale hakuna anayekanyaga."

Akanieleza polepole, macho kwenye ungo. Baba yao aligawa shamba kwa wanawe wawili, Kosmas na mdogo wake Eusebi, na kijito ndicho kilikuwa mpaka. Baada ya mimi kuondoka msimu ule wa kwanza, mvua kubwa zilikihamisha kijito kikaingia upande wa Eusebi, na mchanga ukaufukia mkondo wa zamani usionekane. Kosmas akasema kimesogea hatua chache tu. Eusebi akasema kimemkatia shamba lake lote la chini. Kikaitwa kikao, kikavunjika, kikaitwa kingine. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuweka jembe kwenye kipande kile, kwa sababu siku mmoja angekigusa mwingine angekuja na panga. Wakaacha kusalimiana. Kipande kikaota.

"Mwaka jana," Mama Gaudensia akasema, "Eusebi alifiwa na binti yake, Anjela. Darasa la sita. Mzee huyu alishuka mpaka kwenye maji siku ya kuzika. Akasimama upande wetu, kichaka mbele yake, akasikiliza nyimbo mpaka walipomaliza kufukia kaburi. Hakuvuka. Akarudi, akakata kuni mpaka giza likaingia. Mimi nilikwenda peke yangu."

Niliendelea kuchambua, nikitupa maharage mazuri pamoja na mabovu. Misimu yote ile nililala kwao, nikala kwao, nikasikia ndege wao, na sikuwahi kuuliza kwa nini katika nchi ambayo hata ukingo wa njia hulimwa, kipande kile peke yake kina miiba.

Swali la Mzee

Jioni, kabla ya kula, Mzee Kosmas aliniuliza yeye mwenyewe. Jumuiya yao ya kanisani ilikuwa imewabana yeye na mdogo wake, wakutane wasameheane kabla ya Pasaka. Wote wawili walikubali jambo moja: ukijulikana mkondo wa zamani ulipita wapi, basi huo ndio mpaka na maneno yaishe. Lakini nani ajuaye? Kila mzee ana upande wake.

"Mwalimu, wewe mwaka ule wa kwanza ulikuwa unaandika andika pale. Hukuandika maji yalipita wapi?"

Niliandika. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, chini ya kitanda nilichokuwa nalalia; huwa natembea na yote. Lina mchoro wa kijito, na hatua kutoka jiwe jeupe lililo upande wa Kosmas mpaka kwenye maji. Nilijua hata ukurasa.

"Nitaangalia, Mzee," nikasema. "Ni zamani."

Nawaandikia ukweli, kwa hiyo na hili mlisome. Sikuwa na haja ya kuangalia. Nilikuwa nahesabu. Kama mpaka ukijulikana kichaka kitalimwa, tena mwezi huu huu, maana ndio mwezi wa ngoro. Kama nikisema mchoro umepotea, kitabaki miaka mingine, na yule wa ndani atarudi. Ndugu wawili walikuwa hawasemezani kabla sijaulizwa. Sikuwa nimewagombanisha mimi. Nilijiambia hivyo nikala ugali wangu, na ulinishuka bila shida. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kituoni, yule wa ndani anaimba, dakika ya sita au ya saba. Upande wa pili wa kijito akaja mwanamke kuchota maji. Alikuwa Rozina, mke wa Eusebi, mama wa yule binti. Tulikuwa tunajuana kwa kupungiana mikono tu. Akajaza ndoo, akaiweka chini, akasubiri nimalize kuandika. Watu wa pale wanajua kwamba nikiwa na daftari sisemeshwi. Nilipofunga akanisalimia, nikaitikia.

"Shemeji yangu hajambo?" akauliza.

"Mzee Kosmas? Hajambo."

"Nasikia anakohoa tangu Krismasi. Hapendi kwenda hospitali, tangu zamani yuko hivyo. Mwambie Mama Gaudensia amchemshie majani ya mpera. Usiseme ni mimi."

Akajitwisha ndoo, akaondoka. Nilibaki nimekaa mpaka dakika kumi zikapita, na nyingine kumi, na sikuandika kitu. Kisha nikapanda nyumbani, nikalitoa daftari, nikamwambia Mzee nimeuona mchoro.

Siku ya jumuiya

Walikutana Jumamosi nyumbani kwa mama mwenyekiti wa jumuiya. Rozari kwanza, kisha maneno. Kosmas alikaa karibu na mlango, Eusebi karibu na dirisha, kila mmoja akiangalia miguu yake. Nilisimama nikasoma: kutoka jiwe jeupe kwenda kwenye maji, hatua kumi na moja. Nikageuza daftari kila mtu auone mchoro.

Sasa kutoka jiwe lile mpaka kwenye maji ni mbali zaidi ya hapo, upana wote wa kichaka; hatua kumi na moja maana yake Eusebi alikuwa amesema kweli. Karibu kichaka chote kilikuwa chake. Chumba kizima kilimgeukia Kosmas.

Alilichukua daftari, akalisogeza mbali kidogo na macho apate kuona. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, Mzee."

"Na mwaka huo ulikuwa humjui Eusebi."

"Nilikuwa sijakujua hata wewe. Nilikuwa mgeni wa siku ya pili. Nilikuwa naandikia ndege."

Akanirudishia daftari. Alikohoa, akajifuta mdomo. Kisha akasema, bila kumwangalia mdogo wake, "Basi nilikosea hatua. Nilikosea na mengine."

Eusebi alinyanyuka. Nilidhani anatoka nje. Alichukua kiti chake, akakiburuta mpaka karibu na mlango, akakaa bega kwa bega na kaka yake. Mama mwenyekiti akaanzisha wimbo haraka kabla mtu hajaharibu.

Baadaye, watu walipokuwa wanakunywa chai, nilimvuta Eusebi pembeni nikamwomba. Kichaka ni chako sasa, nikasema. Nipe mwezi mmoja tu. Ndege wataondoka wenyewe mwezi wa nne, halafu ulime. Eusebi ni mtu mpole. Alikuwa anafungua mdomo kukubali. Mama Gaudensia akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mwezi mzima, Mwalimu? Hawa wakilala siku tatu bila kukifyeka pamoja, watakumbuka kila kitu. Nawajua. Wakilima watasahau." Akanibana mkono zaidi. "Nakuomba."

Jina langu halisi alilitaja hapo kwa mara ya kwanza, si Mwalimu. Nikamwambia Eusebi asinisikilize.

Jumatatu

Jumatatu asubuhi tulishuka wote, nyumba zote mbili. Kule kwao kufyeka ni kazi ya wanaume, lakini Kosmas na Eusebi walikuwa wamekubaliana, na bila shaka ndilo jambo la kwanza walilokubaliana baada ya miaka, kwamba tawi la kwanza nilikate mimi. Walitaka kuniheshimu. Kosmas alinipa panga kwa mikono miwili, ameshaninolea.

Yule wa ndani alikuwa anaimba.

Mtaniuliza kwa nini sikukataa. Nilitazama nyuso zao, hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikia sauti ile; walikuwa wananisubiri mimi. Nikakata tawi la mkuyu. Likaanguka majini. Wimbo ukakatika katikati.

Wakaingia, Kosmas kutoka huku, Eusebi kutoka kule, wakifyeka kuelekeana. Rozina na Mama Gaudensia waliburuta miiba. Nilimwona ndege mara moja, alitoka chini chini, akavuka kijito, akaingia kwenye mahindi ya mtu. Sikumwona tena. Siku mbili nilizobaki nilitembea kijito chote nikisikiliza, juu na chini, na kila mahali palikuwa pamelimwa mpaka kwenye maji.

Saa tano hivi wale ndugu walikutana katikati. Walisimama wanahema, wazee wawili waliochanwa na miiba, na kati yao hapakuwa na kitu tena. Kwa mara ya kwanza ungeweza kuona kutoka upande wa Kosmas moja kwa moja hadi mlimani kwa Eusebi, na pale juu, chini ya migomba, palikuwa na msalaba mdogo uliopakwa rangi nyeupe. Kosmas aliuona. Akalisimika panga udongoni.

"Ni pale?" akauliza.

"Ni pale, kaka," Eusebi akasema.

Wakapanda pamoja, wakipita juu ya majani mabichi ya kile kichaka. Sisi wengine tuliacha kazi. Mimi nilikaa chini kituoni kwangu kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa, daftari magotini, na mkono kwa mazoea ukaandika saa. Nilikaa dakika kumi zangu. Sikusikia ndege. Nilimsikia mwanamume mzima akilia kule juu, na sauti ya mdogo wake ikimwambia basi, kaka, basi.